Mkusanyaji ni Mtunzi wa Pili: Historia ya Mikusanyo ya Katuni katika Televisheni

Utangulizi

Inapozungumzwa habari ya katuni za televisheni, watu wazima wengi hutabasamu, wakasema kwamba hiyo ni michezo ya watoto, na mazungumzo yakaishia hapo. Katika makala hii tunakusudia kuyaendeleza mazungumzo hayo kutoka pale yanapokatizwa. Hatudai kwamba kila kibonzo kinachorukaruka katika kioo cha televisheni ni kazi ya sanaa. Nia yetu ni kuchunguza aina moja tu ya kipindi, yaani kile kinachochukua filamu fupi za katuni zilizotungwa zamani kwa ajili ya majumba ya sinema, kikaziunganisha pamoja, na kuzionyesha upya kwa watazamaji ambao watunzi wake hawakuwafikiria. Kipindi cha namna hiyo tutakiita mkusanyo.

Mwanafunzi wa fasihi hataona ugeni katika neno hilo. Diwani ya mashairi ni mkusanyo. Alfu Lela U Lela ni mkusanyo wa hadithi nyingi zilizobebwa na hadithi moja ya mke anayesimulia kila usiku ili asiuawe. Edward Steere alipochapisha huko London, mwaka 1870, hadithi alizozipata Unguja, naye alitoa mkusanyo. Katika mifano yote hii lipo swali moja ambalo aghalabu hatuliulizi: huyu mkusanyaji ni nani? Je, ni mlinzi wa ghala, ambaye kazi yake ni kupokea na kutoa bila ya kugusa? Au naye ana mkono wake katika kazi?

Hoja yetu ni kwamba mkusanyaji ni mtunzi wa pili. Anapochagua, anapopanga, anapokata na anapotia maneno yake ya kuunganisha, huunda kazi mpya ambayo watoto huipokea kama ndiyo ile ya asili. Tumechukua mfano wa Marekani, hasa katuni za kampuni ya Warner Bros., kwa kuwa mikusanyo yake ilidumu katika mashirika makubwa ya utangazaji kwa takriban miaka arobaini, kuanzia 1960 hadi 2000, na mabadiliko yake yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Katuni kabla ya televisheni

Kampuni ya Warner Bros. ilianza kutoa mfululizo uitwao Looney Tunes mwaka 1930, na wa pili, Merrie Melodies, mwaka 1931. Kwa miaka ya mwanzo mtayarishaji wa filamu hizo alikuwa Leon Schlesinger, hata alipoiuza studio yake kwa Warner mwaka 1944. Kila filamu ilichukua dakika sita au saba hivi. Muda huo unaonekana mfupi, lakini mkanda wa sinema hupitisha picha 24 katika kila sekunde. Kwa hiyo filamu ya dakika saba hupitisha picha zaidi ya 10,000, na nyuma ya picha hizo kuna wachoraji waliozichora kwa mkono, mpiga muziki aliyepima kila kishindo, na mwongozaji aliyeamua mhusika asimame kwa muda gani kabla hajaanguka.

Waongozaji hao walikuwa na mitindo iliyotofautiana kama vile watunzi wa mashairi wanavyotofautiana. Tex Avery alipenda kuvuka mipaka ya uwezekano. Ndiye aliyeongoza A Wild Hare ya mwaka 1940, ambamo sungura Bugs Bunny alionekana kwa mara ya kwanza katika tabia yake kamili. Bob Clampett aliinyumbua miili ya wahusika kama ulimbo. Friz Freleng alikuwa hodari wa kupatanisha kitendo na muziki. Chuck Jones alitegemea jicho na ukimya: katika kazi zake mhusika huweza kutuchekesha kwa kuinua unyusi tu. Carl Stalling alitunga muziki, na Mel Blanc alitoa sauti za wahusika wengi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba filamu hizo hazikutungwa kwa ajili ya watoto peke yao. Zilionyeshwa kabla ya filamu kubwa, pamoja na mkanda wa habari, mbele ya watu wa rika zote. Ndiyo maana zimejaa dhihaka juu ya wachezaji filamu mashuhuri, juu ya vita, juu ya siasa na hata juu ya opera ya Ulaya, kama tunavyoona katika What's Opera, Doc? ya mwaka 1957. Aidha, kila filamu ilisimama peke yake. Mtazamaji aliona moja, akacheka, kisha filamu kubwa ikaanza.

Kutoka jumba la sinema hadi sebuleni

Mambo mawili yaliuvunja utaratibu huo. La kwanza lilikuwa la kisheria. Mwaka 1948 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba makampuni makubwa ya filamu yasiendelee kuwafunga wenye majumba ya sinema kwa kuwauzia filamu kwa mafungu, na makampuni hayo yakalazimika kuyaacha majumba yao. Kabla ya hapo katuni ilikuwa na soko la hakika, kwa kuwa mwenye jumba aliichukua pamoja na filamu kubwa. Baada ya hapo ikabidi ijitafutie wateja. La pili lilikuwa televisheni yenyewe, iliyowafanya watu wabaki nyumbani.

Studio zikaanza kuhesabu gharama. Kampuni ya MGM, iliyokuwa ikitoa katuni za paka na panya, Tom na Jerry, ilifunga idara yake ya katuni mwaka 1957 baada ya kuona kwamba kurudia filamu za zamani huleta mapato yanayokaribia yale ya filamu mpya. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wamewaongoza Tom na Jerry tangu 1940 na kuzipatia filamu hizo tuzo saba za Oscar, wakaenda kuanzisha studio ya kutengeneza katuni rahisi za televisheni. Studio ya katuni ya Warner nayo ilifungwa mwaka 1963, ingawa filamu chache ziliendelea kutolewa kwa mipango mingine hadi 1969.

Wakati huohuo televisheni ilikuwa na njaa ya vipindi. Walt Disney aliliona hilo mapema. Kipindi chake cha Disneyland kilianza katika shirika la ABC mwaka 1954, na katuni zake za zamani zikapata uhai mpya humo. Mwaka 1957 Walter Lantz alianza kuonyesha katuni za kigong'ota Woody Woodpecker, na kati ya filamu moja na nyingine yeye mwenyewe alisimama akawaeleza watoto jinsi katuni inavyochorwa. Hapo tunaona mkusanyo uliokuwa na mwalimu ndani yake.

Warner haikuwa na busara hiyo. Mwaka 1955 iliuza katuni zake za rangi nyeusi na nyeupe, na mwaka 1956 ikauza kwa kampuni iitwayo Associated Artists Productions katuni zake za rangi zilizotolewa kabla ya Agosti 1948. Kampuni hiyohiyo ilinunua pia katuni za baharia Popeye. Filamu hizo zikasambazwa kwa vituo vya televisheni vya miji, ambako mtangazaji aliyevaa kofia ya baharia au mavazi ya mchekeshaji alizionyesha mchana watoto walipotoka shuleni.

Matokeo ya biashara hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini. Urithi mmoja uligawanywa sehemu mbili kwa tarehe ya mkataba. Warner ilipokuja kuanzisha mkusanyo wake yenyewe, haikuwa na haki juu ya kazi zake nyingi za awali. Mtoto aliyetazama mkusanyo huo hakuweza kuiona A Wild Hare ndani yake, wala kazi nyingi za Avery na Clampett, si kwa sababu mhakiki fulani aliziona duni, bali kwa sababu zilikuwa mali ya mtu mwingine. Hivyo, kabla ya mkusanyaji hajafungua kinywa, daftari la mauzo lilikwisha mchagulia.

Kipindi cha mwaka 1960

Tarehe 11 Oktoba 1960 shirika la ABC lilianza kuonyesha The Bugs Bunny Show. Kilikuwa kipindi cha nusu saa, nacho kilitangazwa jioni ya Jumanne, saa ambayo familia nzima huwa imekaa pamoja. Vilitengenezwa vipindi 52. Kila kimoja kilikuwa na filamu tatu za zamani, na kati yake palitiwa vipande vipya vya kuunganisha vilivyoongozwa na Chuck Jones na Friz Freleng.

Ubora wa kipindi hicho umo katika vipande hivyo. Watayarishaji hawakuridhika na kufuatisha filamu moja baada ya nyingine kama shanga zisizo na uzi. Walijenga jukwaa la maonyesho, lenye pazia na taa, wakamfanya Bugs Bunny kuwa mshereheshaji. Mwanzoni Bugs na bata Daffy wanaimba mbele ya pazia, kisha wahusika wote wanapita jukwaani kwa mstari. Baadaye Bugs anatoa utangulizi, Daffy anajaribu kumpokonya nafasi yake, ugomvi unazuka nyuma ya pazia, na filamu ya zamani inaingia kana kwamba ni sehemu ya ugomvi huo. Mara nyingine mwanzo au mwisho wa filamu ulirekebishwa ili uungane vyema na kipande kipya.

Huo ndio ufundi wa Alfu Lela U Lela: hadithi mama hubeba hadithi ndogo, na zile ndogo hupata maana nyingine kwa kubebwa. Katika jumba la sinema Daffy alikuwa mhusika aliyebadilika kulingana na mwongozaji. Katika kipindi hiki akawa mtu mmoja mwenye kijicho cha kudumu, msanii asiyepewa haki yake, mwenye kumwonea gere sungura. Kwa maneno mengine, mkusanyo uliwageuza wahusika wa filamu mbalimbali kuwa wanajamii wa kijiji kimoja. Picha hiyo ndiyo iliyokaa katika fikra za watu, nayo haikutungwa na filamu yoyote ya asili peke yake. Ilikamilishwa na mkusanyaji.

Kwa bahati mbaya, mkusanyo huo wenyewe haukuheshimiwa. Mwaka 1962 ulihamishiwa Jumamosi asubuhi, saa ya watoto. Mwaka 1968 shirika la CBS liliuunganisha na kipindi cha ndege mkimbiaji, Road Runner, kikawa cha saa nzima. Baadaye kilipunguzwa, kikarudishwa ABC mwaka 1973, kikaenda tena CBS mwaka 1975, kikarefushwa hadi dakika tisini mwaka 1978, kikarudi ABC mwaka 1985, na mwaka 1986 kikapewa jina la The Bugs Bunny & Tweety Show. Katika safari hiyo vile vipande vya kuunganisha vilikatwa na kubandikwa upya mara kwa mara, hata ule mpango wa awali ukapotea. Kipindi kilipofika mwisho mwaka 2000, kilichobaki kilikuwa ni filamu zilizowekwa pamoja, na uzi wa awali ulikwisha katika.

Mkasi na maadili

Kuhamia Jumamosi asubuhi kulibadili jambo kubwa kuliko saa. Watazamaji waliokuwa wa rika zote wakawa watoto, na matangazo ya biashara yaliyoambatana na vipindi yakawa ya vitu vya kuchezea na vyakula vya asubuhi vyenye sukari nyingi. Wazazi wakaanza kuuliza watoto wao wanafunzwa nini. Mwaka 1968 akina mama wa Massachusetts, akiwamo Peggy Charren, waliunda chama cha kutetea ubora wa televisheni ya watoto. Malalamiko ya wazazi yalikuwa na haki yake. Mashirika ya utangazaji, badala ya kutafuta kazi bora zaidi au kuyapunguza matangazo yenyewe, mara nyingi yalichukua njia iliyo rahisi: yalishika mkasi.

Milio ya bunduki ikakatwa. Milipuko ikakatwa. Wile E. Coyote, yule mbwa mwitu anayemfukuza ndege bila ya kumpata, alionyeshwa akining'inia ukingoni mwa genge, na mara katika picha iliyofuata yuko mahali pengine mzima. Kwa mtazamo wa haraka, hapana hasara. Lakini tukumbuke kwamba katika tungo za namna hii mlipuko si pambo. Ndio jibu la hesabu iliyopangwa tangu mwanzo wa tukio. Coyote huangushwa na ukaidi wake pamoja na mitambo aliyoinunua yeye mwenyewe. Ukiondoa anguko, unabaki na mnyama mwenye uchu asiyepatwa na lolote, na funzo linageuka kichwa chini.

Hasara ni kubwa zaidi kwa Bugs Bunny. Chuck Jones alishikilia kanuni kwamba sungura huyo asianze ugomvi. Lazima kwanza achokozwe, ndipo ajitetee kwa werevu. Mwindaji Elmer huja na bunduki hadi mlangoni pake. Sasa, mhariri akiiondoa bunduki kwa kuwaonea watoto huruma, ameondoa uchokozi wenyewe. Kinachosalia ni sungura anayemsumbua mtu asiye na kosa. Mkasi uliokusudiwa kulinda maadili umemgeuza mnyonge anayejitetea kuwa mchokozi. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi ataielewa hatari hiyo mara moja: toa njama za Fisi katika hadithi, na hila za Sungura zitakuwa uhuni mtupu.

Sura ya mtu mweusi

Lakini lipo eneo ambalo hatuwezi kuulaumu mkasi kwa wepesi. Katuni nyingi za zamani zilimchora mtu mweusi kwa dharau. Katika Jungle Jitters, iliyotoka mwaka 1938, mchuuzi anaingia katika kijiji cha Waafrika ambao wanataka kumtia chunguni, nao wamechorwa kwa midomo na sura zilizokuzwa kwa kejeli. Katika Coal Black and de Sebben Dwarfs ya mwaka 1943, Bob Clampett aliunda filamu yenye kasi na muziki wa hali ya juu, na msanii mweusi Vivian Dandridge akatoa sauti ya binti anayesimuliwa. Hata hivyo michoro yake ni ile ile ya dhihaka, na chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliilalamikia wakati huohuo ilipotoka. Kwa hiyo si kweli kwamba uchungu huo uligunduliwa na watu wa siku hizi. Waliodhihakiwa walisema tangu siku ya kwanza, hawakusikilizwa.

Mikusanyo ililishughulikia jambo hili kwa njia tatu, nazo hazina thamani sawa.

Njia ya kwanza ilikuwa kuchora upya. CBS ilipoanza kuonyesha Tom na Jerry mwaka 1965, yule mtumishi mweusi wa nyumbani, ambaye sauti yake ya asili ilitolewa na Lillian Randolph, aliondolewa katika baadhi ya filamu, na mahali pake akachorwa mwanamke mweupe mwembamba mwenye sauti ya June Foray. Njia hiyo tunaiona kuwa mbaya kuliko zote. Taswira ya dharau haikusahihishwa. Mtu mweusi mwenyewe ndiye aliyefutwa, pamoja na msanii mweusi aliyempa sauti, na nyumba ikaonekana kana kwamba hakuwahi kuwamo.

Njia ya pili ilikuwa kuficha. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa imezirithi katuni za zamani za Warner, iliziondoa filamu 11 katika usambazaji wa televisheni, Jungle Jitters na Coal Black zikiwamo. Kwa kipindi kinachomfikia mtoto wa miaka sita bila ya mtu mzima kuwa karibu, tunaiunga mkono hatua hiyo. Mtoto mweusi hapaswi kukaa mbele ya televisheni akafundishwa kujicheka. Lakini kuficha kuna mipaka yake, kwa kuwa hufika wakati anayeficha akaonekana kuwa hakutenda. Tena mwenye mali huweza kukosea katika kupima. Panya wa Mexico, Speedy Gonzales, aliwekwa kando na televisheni ya Cartoon Network kuanzia 1999. Mwaka 2002 akarudishwa, baada ya Wamarekani wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania kumtetea wakimwona kuwa shujaa wao. Funzo lililopo ni kwamba kabla ya kuficha au kutoficha, aulizwe kwanza yule aliyechorwa.

Njia ya tatu ni kueleza. Katika mkusanyo wa Looney Tunes uliotolewa kwa diski mwaka 2005, mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg aliwekwa mwanzoni ili awaambie watazamaji kwamba baadhi ya michoro ni ya ubaguzi, kwamba ilikuwa mibaya tangu enzi zake, na kwamba kuifuta kabisa ni sawa na kusema kuwa ubaguzi huo haukuwapo. Mwaka 2010 filamu nane kati ya zile 11 zilionyeshwa katika tamasha la filamu huko Hollywood, mbele ya watu wazima. Sisi tunaiona njia hii kuwa ndiyo inayofaa kwa wanafunzi wa sekondari, mradi mwelezaji awe na ujuzi na heshima, na maelezo yatangulie picha.

Majina yaliyofutwa

Kuna mkasi mwingine ambao haukulalamikiwa na mzazi yeyote, nao ni ule uliokata majina ya watunzi. Kazi hiyo ilianza hata kabla ya televisheni. Tangu mwaka 1943 Warner ilipozirudisha katuni zake sinemani kwa alama ya utepe wa buluu, aghalabu iliondoa ukurasa wa mwanzo wenye majina ya mwongozaji, wachoraji na mwandishi. Sauti nazo zilikuwa na unyonge wake: jina la Mel Blanc liliandikwa kwa mujibu wa mkataba wake, lakini Arthur Q. Bryan, aliyempa Elmer sauti kwa miaka karibu ishirini, kwa kawaida hakutajwa. Mikusanyo ya televisheni, kwa kuogopa kupoteza sekunde, iliendeleza desturi hiyo. Mtoto wa Jumamosi asubuhi alimjua Bugs Bunny. Hakujua kwamba kuna Freleng na kuna Jones.

Pengo hilo lilileta ugomvi. Mwaka 1975 ilitoka filamu ya Bugs Bunny: Superstar, yenye katuni tisa za zamani, na humo Bob Clampett alieleza historia ya studio akijipa nafasi kubwa. Wenzake hawakupendezwa. Mwaka 1979 Chuck Jones alitoa mkusanyo wake kwa ajili ya sinema, The Bugs Bunny/Road Runner Movie. Ndani yake Bugs, akiwa katika jumba lake la fahari, anawataja baba zake, yaani waliomuumba. Na Clampett hayumo katika orodha hiyo. Hapa hoja yetu inaonekana bila pazia. Wazee wawili wa studio moja, wakitumia mikanda ileile, waliandika historia mbili, na silaha yao ilikuwa ni mkusanyo.

Baadaye hali ilitengenea kidogo. Ted Turner alikuwa amezinunua zile katuni za zamani pamoja na za MGM, na mwaka 1992 akaanzisha Cartoon Network. Humo kilikuwamo kipindi kilichoitwa ToonHeads, kilichodumu hadi 2003, ambacho kilizipanga katuni kwa mada na kwa waongozaji, kikitaja miaka na kueleza zilivyotengenezwa. Mwaka 2000 kikafuata kipindi kilichobeba jina la Bob Clampett mwenyewe. Kampuni za Turner na Warner zilipoungana mwaka 1996, ule urithi uliokuwa umegawanywa tangu 1956 ukawa chini ya paa moja. Ilihitaji miaka arobaini kurekebisha mauzo ya siku chache.

Hata hivyo usalama wa urithi huo haukupatikana kwa kuunganishwa tu. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni yenyewe iliziondoa katuni 256 za zamani katika huduma yake ya kuonyesha filamu kwa intaneti, na mwaka 2025 ikaziondoa zilizosalia humo. Ghala linapokuwa na mlango mmoja, mwenye ufunguo ndiye mkusanyaji, hata akiwa hakusudii kutunga chochote.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza mambo haya ya Marekani yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwanza kwa sababu televisheni, iliyoanza Kenya mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994, imewaletea watoto wetu katuni hizo zikiwa zimekwisha pita mikononi mwa wakusanyaji. Yanatuhusu pia kwa njia ya sungura. Wakati wa utumwa, hadithi za sungura mjanja zilivukishwa kutoka Afrika hadi Marekani vichwani mwa watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1880 mwandishi mweupe Joel Chandler Harris alizichapisha, akazitia kinywani mwa mzee wa kubuni aitwaye Uncle Remus. Majina ya watu weusi waliomsimulia hayakuwa juu ya jalada. Hatusemi kwamba Bugs Bunny ni mjukuu halisi wa sungura huyo. Tunasema kwamba mkasi uliokata majina ya wachoraji wa Warner ulikuwa umekwisha nolewa juu ya majina ya wasimulizi wa Kiafrika.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu, anapowaonyesha wanafunzi mkusanyo wowote, uwe wa katuni, wa mashairi au wa hadithi za wazee, awaulize maswali matatu. Nani aliyechagua, na alikuwa na haki juu ya nini? Kipi kimekatwa, na maana imebadilikaje kwa kukatwa huko? Jina la nani halipo? Maswali hayo hayahitaji vyombo vya gharama. Darasa linaweza kuyajibu kwa kulinganisha hadithi moja ya kitabu cha shule na ile inayosimuliwa na bibi kijijini.

Na wanafunzi wanapotumwa likizo kukusanya hadithi, kama ilivyo desturi katika shule nyingi, na waandike juu ya kila ukurasa jina la msimulizi, kijiji chake na tarehe. Wakiona lazima kukata neno, waandike kwamba wamekata, na waeleze sababu. Katika Duck Amuck, filamu ya Chuck Jones ya mwaka 1953, Daffy anafutwa na kuchorwa upya na mkono asioujua, anapiga kelele akidai kumwona mwenye kalamu, na mwishoni tunaonyeshwa kwamba ni Bugs. Mtazamaji wa filamu hiyo angalau huonyeshwa. Msomaji wa mikusanyo yetu anastahili haki hiyohiyo.